Udi wa Mama Ghanimu

Siku ya thelathini na nane baada ya kujifungua, nilitoka nyumbani kwa mama kwenda kutafuta mafuta ya udi. Zilibaki siku mbili arobaini yangu itimie, Jasimu aje kunichukua mimi na mtoto. Na mtu hapokelewi na mumewe akiwa ananuka maziwa.

Maneno hayo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya dada yangu, Sabika.

"Nenda hivyohivyo," aliniambia jioni ile, huku akimbembeleza Hamadi wangu. "Jasimu akikukumbatia atadhani kakumbatia mbuzi."

"Afadhali mimi nina wa kunikumbatia."

Sabika alinipita miaka minane na hakuna aliyewahi kumposa. Nilijua pa kumchoma, nikamchoma. Aliinamisha uso kwenye utosi wa mtoto, akamnusa kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Wadha, kama unataka udi wa maana, nenda kwa Mama Ghanimu. Nenda sasa, mama anaingia kuswali."

Upole ule ungenitosha kushtuka. Sikushtuka.

Mama hakuwa akiona. Sukari ilimpofusha miaka sita nyuma, na tangu hapo alitujua kwa pua. Ukimwita, alisubiri umkaribie, akunuse, ndipo aitike. "Sauti inaigwa," alizoea kusema. "Harufu ya mtu haiigwi." Yeye ndiye aliyenikataza kuvuka kizingiti magharibi kabla ya arobaini. Mzazi yuko wazi, alisema, chochote kinaweza kumwingia. Lakini nilishachoka kulishwa uwatu wa kuongeza maziwa na kulazwa kama mgonjwa. Nilijitanda shela yangu nikatoka.

Ni vichochoro viwili tu, nyuma ya duka la halua. Mama Ghanimu hakuwa na Ghanimu. Hakuwahi kuzaa. Jina la mtoto tulimpa kwa heshima, kama anavyopewa kila mwanamke mtu mzima hapa mjini kwetu Muharraq. Aliuza mafuta nyumbani kwake, na wake za matajiri walikuwa wakituma madereva wao pale.

Sikubisha hodi. Mlango ulifunguka.

"Nimekusikia harufu tangu kona," alisema.

Nikaketi. Kuna kitu kilinisumbua, na ilinichukua muda kukijua. Chupa zilijaa rafu tatu. Chetezo kilikuwa na majivu ya jana. Lakini nyumba haikunuka kitu. Wala udi, wala vumbi, wala mchuzi. Naye aliponiinamia, mdomo karibu na shavu langu... hakunuka kitu.

"Nipe mkono."

Alichovya kijiti cha kioo kwenye kichupa cheusi, akakipitisha kwenye kifundo changu. Kilikuwa cha baridi. Nikanusa.

"Mama Ghanimu, hili ni zizi."

"Subiri."

Ilikuwa harufu ya zizi la mbuzi lililonyeshewa. Nilitaka kuisugua, akanikamata vidole.

"Usisugue. Utaiua."

Nikasubiri. Zizi likaondoka polepole, ikaja ngozi ya viatu vipya. Kisha uchungu, kama dawa ya kifua. Kisha mti wenyewe, mkavu, wenye moshi, na ndani ya mti ule utamu wa asali iliyoungua kidogo. Nilifumba macho. Nilifurahi kiasi cha kuona haya. Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue nilijiona mwanamke, si chuchu.

Akanipaka nyuma ya masikio. Akanipaka shingoni.

Chini kabisa, nyuma ya asali, ikanijia harufu ya mtu. Sikumjua.

"Nikupe ngapi?" niliuliza.

"Mzazi simuuzii. Mimi nimekupaka, nawe nipake."

"Mbona sina manukato?"

"Unayo."

Alishika ncha ya shela yangu pale kifuani, palipolowa maziwa.

"Niachie hii. Nitakupa nyingine."

Kwetu manukato hayakataliwi, na aliyekupaka humnyimi. Ni aibu. Tunafundishwa hivyo kabla hatujajua kusema.

"Chukua," nikasema.

Aliiweka usoni akavuta pumzi. Mara nyumba ile ikapata harufu. Ilikuwa yangu.

Nilirudi mbio. Nilimsikia Hamadi akilia tangu nje. Nilimpokonya Sabika, nikampa ziwa, naye akaligeuzia uso. Nikampa la pili. Akajipinda, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto mchanga, kama mimi niliyemshika ni moto. Alikuwa na njaa, mdomo ulikuwa ukitafuta, na kila ulipofika kwangu ulirudi nyuma.

Mama akatoka chumbani. Alisimama. Pua zikacheza.

"Nani kamshika mtoto?"

"Mimi, mama."

"Wewe nani?"

"Mama, mimi Wadha. Nimejipaka udi tu."

"Udi naujua. Nyuma ya udi ni nani?" Akageuka. "Sabika. Wewe una macho. Nani huyu?"

Sabika alinitazama. Alinitazama usoni, nami nikamtazama, taa ikiwaka juu yetu.

"Mama Ghanimu," alisema.

Nilidhani ni dhihaka zake. Nilimtukana. Mama alimchukua mtoto mikononi mwangu taratibu, kama anavyochukuliwa mtoto kwa mgeni.

Nikakimbilia bombani. Nilijisugua kwa sabuni. Kwa chumvi. Kwa ndimu, mpaka ngozi ikachubuka. Udi mzuri hautoki, unaingia ndani. Asali ikaisha, mti ukaisha, akabaki yule mtu tu... kwenye vidole vyangu, kwenye nywele zangu, kwenye pumzi yangu.

Kisha Hamadi akanyamaza.

Nilirudi ukumbini maji yakinitiririka. Mtoto alikuwa amegeuzia kichwa mlangoni, akifyonza hewa. Nje, hatua za miguu mitupu. Chini ya mlango ikapenya harufu ya maziwa, na uwatu, na jasho langu la siku thelathini na nane.

"Wadha huyo," mama alisema, uso umemchanua. "Mwanangu, mbona umechelewa?"

"Mama, usifungue."

Alifungua.

Aliingia akiwa amejitanda shela yangu mpaka machoni. Alikaa kwenye mto wangu, akapakata mwanangu, akafungua kifua. Nilimsikia Hamadi akimeza. Gudu... gudu... gudu... Mtoto aliyekuwa anakufa njaa mikononi mwangu alikuwa anashiba kwa mwanamke ambaye hajawahi kuzaa.

Nilimrukia. Sabika alinizuia. Na mama, kwa sauti ya heshima kabisa, akasema, "Sabika, leta chetezo."

Ni adabu yetu. Mgeni akiandaliwa, akala, akanywa kahawa, mwisho hupitishiwa udi. Ukishafukizwa umeagwa, hukai tena. Mama alikishika chetezo kwa mikono miwili, akanifukiza shingo, akanifukiza mikono.

"Ahsante kwa kututembelea, Mama Ghanimu. Siku nyingine njoo mchana."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumng'oa yule mwanamke macho. Lakini miguu ilinyanyuka. Miaka ishirini na saba nimenyanyuka kila chetezo kilipopita, na miguu ile haikuniuliza. Ilivuka kizingiti. Nyuma yangu komeo likaanguka.

Siku ya arobaini Jasimu alikuja na gari. Nilikuwa kichochoroni. Nilimshika mkono wa kanzu, nikamwita kwa jina ninalomwita tukiwa wawili. Alisimama, akanusa, akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mama wa rafiki yake.

"Mama Ghanimu, udi wako huu ni hatari. Mke wangu naye anaupenda."

Akapita. Walitoka wote watatu, yeye, mwanangu, na shela yangu.

Naishi nyumba ile sasa. Ilikuwa wazi, na madereva wanapobisha nawauzia. Kiooni namwona Wadha. Wengine wote wanamwona mwingine. Jambo moja silijui mpaka leo: kama Sabika usiku ule aliona uso wa yule mwanamke, au aliona wangu. Nimelifikiria miaka miwili, kila magharibi, maziwa yakinitoka bila wa kunyonya.

Sabika aliolewa mwaka jana, na mwanamume aliyefiwa na mkewe, wa kule mji wa Hidd. Amejifungua kwa mama. Mtoto wa kike. Nasikia mumewe kamwambia kwenye simu ajitengeneze kabla hajamfuata.

Leo ni siku yake ya thelathini na nane. Nimekisafisha kijiti cha kioo. Nimezima chetezo tangu jana.

Amefika kona. Nimemsikia harufu.