Neno Ambalo Eustadia Hakulisikia

Jumamosi asubuhi Eustadia alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaketi na bibi yake Mektilda kumenya karanga. Ndivyo alivyofanya kila alipotoka Tabora mjini kuja kijijini kwao, karibu na Isikizya. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja kidogo, akisomea Kiingereza. Wanakijiji walimwita Profesa, naye jina hilo lilimpendeza sana.

"Leo zahanati ina daktari mgeni," Bibi alisema. "Nisindikize. Miguu hii inavimba tu, ingawa dawa za presha nameza kila siku."

Walipofika, muuguzi Lugembe alikuwa akimtafsiria daktari, mzungu aliyezungumza Kiingereza tu. Mara akaitwa kwa mama aliyekuja kujifungua.

"Shikamoo, baba," Eustadia alimsalimu.

"Marahaba, Profesa! Umekuja wakati mzuri. Nishikie nafasi hapa kidogo."

Watu waliokuwa kwenye benchi walimtazama kwa fahari. Eustadia akasimama kando ya daktari.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Lakini zamu ya Bibi ilipofika, daktari alimpa dawa mpya, akaeleza jambo kuhusu zile za zamani. Alizungumza haraka, kwa lafudhi ambayo Eustadia hakuizoea. Neno moja likampita. Je, alisema Bibi aendelee na dawa za zamani, au aziache? Alitaka kuuliza, lakini macho ya watu yalikuwa juu yake.

"Anasema umeze hizi mpya pamoja na zile za zamani," alibahatisha.

"Asante, mjukuu wangu," Bibi alijibu, akafunga dawa kwenye ncha ya khanga.

Njiani Bibi alimsimulia kila waliyekutana naye jinsi mjukuu wake alivyozungumza na mzungu. Eustadia hakufurahi. Walipofika nyumbani, Bibi akamimina maji kikombeni, akaweka vidonge vya aina zote mbili kiganjani.

"Bibi, usimeze!" Eustadia alisema, akamshika mkono. "Sikumwelewa daktari. Nilikudanganya."

Bibi akavirudisha vidonge. "Basi twende tukaulize."

Zahanatini, benchi lilikuwa bado limejaa. Mbele ya wote, Eustadia alimwambia daktari kwa Kiingereza kwamba hakumwelewa, akamwomba arudie polepole. Daktari hakukasirika. Alieleza tena: dawa za zamani ndizo zilizovimbisha miguu, kwa hiyo Bibi aziache kabisa. Angezimeza zote pamoja, presha ingeshuka mno na angeweza kuanguka.

Eustadia alimtafsiria Bibi neno kwa neno, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, Bibi. Niliona aibu kuuliza."

"Nimekusamehe. Ungenyamaza ndipo ningeumia."

Muuguzi Lugembe alikuwa amerudi, akasikia yote. Eustadia alidhani atamfukuza, lakini alimsogezea kiti karibu na daktari.

"Kaa, tusaidiane hadi jioni," alisema. "Mimi pia huwa naomba arudie. Mwenye kutafsiri akiuliza, mgonjwa hapotezi kitu. Akibahatisha, mgonjwa ndiye anayeumia. Kusoma si kujua kila neno, binti yangu. Ni kuwa mkweli kuhusu lile usilolijua, kisha ukalitafuta."