Sabuni Yenye Nguo Mbili

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala kilichokuwa kimefunikwa mezani, kisha akaenda barazani kufunga sabuni. Jina hilo la Chiriku hakupewa na wazazi. Alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake, ambao walisema ulichelewa kulala kuliko mwenyewe na uliamka kabla yake. Jina lake la shuleni lilitajwa na mwalimu wa darasa la sita tu, na kwa kawaida lilitajwa ili anyamaze.

Mama yake alikuwa mpika sabuni. Aliipika nyuma ya nyumba katika sufuria kubwa, akaimimina kwenye fremu za mbao, na ilipoganda akaikata vipande kwa waya. Vipande vilipangwa kwenye chanja mpaka vikauke vizuri. Hapo ndipo kazi ya Chiriku ilipoanza. Alikilaza kipande katikati ya karatasi ya kaki, akakunja huku, akakunja kule, akazungusha uzi mwekundu na kumalizia kwa fundo lililokaa juu kama kipepeo. Wateja waliokuja kununua kwenye meza ya Mama mbele ya nyumba waliijua sabuni yake kwa fundo lile.

Lakini si sabuni iliyomfanya aipende kazi hiyo. Tangu alfajiri Mama alikuwa mbio mbio kama aliyeachwa na basi, na baba yao, dereva wa lori, mara nyingi alikuwa safarini. Saa ya kufunga sabuni ndiyo saa pekee Mama alipokaa kitako. Mikono ilikuwa na kazi, midomo ilikuwa huru, na Mama alipenda vitendawili kama watu wengine wanavyopenda sukari kwenye chai.

"Kitendawili," alisema siku moja.

"Tega," wakaitikia Chiriku na mdogo wake Kibonge, aliyekuwa bado hajaanza shule.

"Nina mtumishi, kila akifanya kazi anakonda."

Kibonge alikodoa macho. Chiriku hakuweza kuvumilia, akamnong'oneza sikioni, na Kibonge akapaza sauti kwamba ni sabuni, akajipigia makofi mwenyewe.

"Wewe Chiriku," Mama alisema huku akicheka, "unadhani umemsaidia mwenzako? Umemnyima kitendawili. Sasa hata mimi sijui kama ana akili au ana masikio tu."

Chiriku naye alicheka, na maneno hayo yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Wiki hiyo hiyo Shangazi akaja. Alikuwa dada mdogo wa baba yao, na alikuwa chuo kikuu akisomea shahada ya pili ya biashara. Alikuja na begi zito kuliko yeye, na baada ya kuoga na kunywa chai alimweleza Mama shida yake. Alikuwa akifanya utafiti juu ya wanunuzi: mtu akisimama mbele ya vitu viwili, kwa nini anachukua hiki na kukiacha kile? Yeye alitaka kujua jambo moja tu, kama karatasi ya nje humfanya mtu aamini kuwa kilichomo ndani ni bora zaidi.

"Nipe sabuni yako, wifi," alisema. "Sabuni moja, ya sufuria moja. Nusu tuifunge kwa kaki, nusu kwa karatasi ya kung'aa niliyokuja nayo. Watu wanawe kwa zote mbili, kisha waniambie ipi imetoa povu zuri. Kwamba ni sabuni moja tutawaambia mwisho."

Mama alipendezwa. Kumbe na yeye alikuwa na swali lake. Mwenye duka kubwa la pale njia panda alikuwa amemwambia angeichukua sabuni yake, ila ifungwe kwa kitu cha maana. "Basi jibu lako litanisaidia na mimi," alimwambia wifi yake. "Wakisema karatasi si kitu, nabaki na kaki yangu. Wakisema ni kitu, napeleka kazi kwa mchapaji. Ana mashine pale, inafunga yenyewe."

Shangazi alitikisa kichwa kukubali. Kwa Chiriku, aliyekuwa akisikiliza na fundo mkononi, maneno yale yalikuwa kama jiwe kwenye wali. Mashine ifunge yenyewe, na yeye je? Nani angekaa barazani? Aliona Mama akiendelea na mbio zake mpaka giza, na vitendawili vikikosa pa kukaa. Angeweza kuuliza. Lakini huyo mwenye mdomo usiolala, siku hiyo mdomo ulilala.

Jumamosi waliweka meza mbele ya nyumba, kando ya barabara. Juu yake kulikuwa na sabuni za aina mbili na makopo mawili matupu, na mbele yake mabeseni mawili juu ya vigoda. Kila mpita njia aliyekubali angenawa kwenye beseni hili, anawe kwenye lile, kisha adondoshe punje ya harage kwenye kopo la sabuni aliyoipenda. Shangazi alisimama mezani. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuleta maji na kuyabadilisha yakichafuka.

"Maji ya aina moja, mwanangu," Shangazi alimkumbusha. "Kila kitu kiwe sawa isipokuwa karatasi."

Sasa, mtoto wa mpika sabuni anajua jambo ambalo watoto wengine hawana haja nalo: maji hayafanani. Pale nyumbani kulikuwa na kisima chenye maji ya chumvi chumvi, ambayo mtaa mzima uliyatumia, na sabuni ndani yake hutoa povu la kivivu. Kulikuwa pia na tangi la maji ya mvua, na humo sabuni hiyo hiyo huumuka kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni. Chiriku alizunguka nyuma ya nyumba akiwa na ndoo mbili. Moja akaijaza kisimani, nyingine kwenye tangi. Maji ya kisima akayamimina kwenye beseni la karatasi ya kung'aa, na ya mvua kwenye beseni la kaki. Kwa macho yalikuwa maji tu, na hakuna aliyemuuliza.

Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara alikuwa wa kwanza. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi, na alinawa huku akiwatania kwamba leo wangemjua rangi yake halisi. Kwenye beseni la kaki povu lilimpanda mpaka viwiko. Akadondosha harage lake bila kufikiri. Alifuata fundi cherehani, wakafuata akina mama waliotoka sokoni. Jua lilipokuwa kali, kopo la kaki lilikuwa limejaa hata halisikiki likitikiswa, na lile jingine lililia kama kayamba.

Shangazi alikaa akiyatazama makopo yale mawili kwa muda mrefu, hata akasahau kuwaambia watu kwamba ni sabuni moja. Alimwambia Mama kwamba kila alichosoma kilisema kinyume chake, na kwamba huenda amegundua jambo jipya kabisa. Jioni ile ile alimpigia simu msimamizi wake wa chuoni, akiongea haraka haraka na kutembea huku na huko. Mama naye alijisikia. Alipita mbele ya chanja lake akivipapasa vipande kama mtu anayewapongeza watoto, akasema mwenye duka la njia panda atafute sabuni kwingine. Chiriku alipata alichokitaka. Hata hivyo, jioni ile hakuomba kitendawili hata kimoja.

Siku chache baadaye fundi baiskeli alivuka barabara, na safari hii hakuwa na utani. Aliweka mezani kipande cha sabuni kilichotumika kidogo, karatasi ya kaki ikining'inia.

"Mama Chiriku, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini sabuni tuliyonawia Jumamosi si hii. Ile ilikuwa na povu la kuoga mtu na ng'ombe wake. Hii uliyoniuzia ni jiwe. Kama ni kutuonjesha nzuri na kutuuzia mbaya, tuambie tujue."

Mama alimrudishia pesa yake bila ubishi. Fundi cherehani naye alilalamika vivyo hivyo, na kufikia Alhamisi akina mama waliokuwa wakisimama mezani kila wakipita walikuwa wakipita tu, wakimsalimia juu juu bila kugeuka. Mama hakuwalaumu. Alijilaumu mwenyewe. Aliamini amekosea vipimo vya mafuta katika sufuria ile, labda kwa uchovu.

Ijumaa Chiriku alipotoka shule hakukuta mtu barazani. Alimkuta Mama nyuma ya nyumba, amevaa glavu zake, ameshusha vipande vyote kutoka kwenye chanja. Alikuwa akivikatakata kwa kisu na kuvitupia kwenye sufuria ili aviyeyushe na kuvipika upya. Kazi ya wiki nyingi. Shangazi alikuwa akichochea moto, macho mekundu kwa moshi.

"Mama, acha."

"Nikiacha nitauza nini, mwanangu? Mikono yangu imenidanganya."

"Mikono yako haina kosa," Chiriku alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Ni maji. Beseni la kaki nilitia maji ya mvua. Lile jingine nilitia ya kisima."

Kisu kilisimama hewani. Halafu Chiriku akaanza kusema, na alipoanza hakuweza kukoma: mashine ya mchapaji, fundo jekundu, baraza, vitendawili, vyote vikatoka vikisukumana mlangoni.

Shangazi ndiye aliyesema kwanza. Alikaa juu ya kuni, akajifuta uso. "Jumatatu ningesimama mbele ya wasomi wenye miwani," alisema polepole, "nikawasifia maji ya mvua." Akacheka kidogo, lakini kilikuwa kicheko chenye maumivu ndani yake, na Chiriku aliyaona. Shangazi alisema itabidi amweleze msimamizi wake ukweli na kuanza upya, na kwamba atachelewa. Alisema pia kwamba afadhali kuchelewa kuliko kusifiwa kwa jambo lisilokuwepo.

Mama alivua glavu. Hakupiga kelele. Alimwambia Chiriku anawe uso, avuke barabara, awaambie mafundi wote wawili kwa mdomo wake huo huo unaojulikana mtaa mzima. Safari ile ya kuvuka barabara ilikuwa fupi, lakini miguu yake iliiona ndefu. Fundi baiskeli alimsikiliza mpaka mwisho, tairi mkononi.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenifanya nimkosee mama yako," alisema.

"Ndiyo, Mjomba. Nisamehe."

Aliweka tairi chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Basi twende wote. Na mimi nina samahani yangu ya kumwomba."

Jumamosi iliyofuata meza ilitolewa tena. Safari hii Chiriku alichota ndoo moja tu kisimani, akaiweka barabarani kila mtu aione, akayagawa maji kwenye mabeseni yote mawili. Watu walinawa. Maharage yalidondoka. Kila moja lililoangukia kwenye kopo la karatasi ya kung'aa lilimgonga Chiriku kifuani, na yalianguka mengi, lakini aliendelea kuyagawa maji sawasawa.

Walipomaliza, kopo la karatasi ya kung'aa ndilo lililojaa zaidi. Shangazi alivua sabuni zote mbili karatasi zake, akaziweka kiganjani, akaomba mtu aseme ipi ni ipi. Hakuna aliyeweza. Aliwaeleza kuwa ni sabuni moja, ya sufuria moja. Mama mmoja alikataa kabisa kuamini, akasema ile ya kung'aa ilinukia zaidi, na watu wakacheka mpaka fundi baiskeli akashika ubavu.

Jioni walikaa barazani wote wanne. Chiriku alikuwa amejikunja pembeni.

"Nisikilize," Mama alimwambia. "Ulipenda kitu, ukaogopa kukipoteza. Kupenda si kosa. Lakini uliogopa kuniuliza, ukaona afadhali udanganye. Ungeniuliza, ningekwambia mashine ni ya sabuni za dukani tu. Za mezani tutazifunga wenyewe. Na hata mashine ikifunga zote, vitendawili hatuvipeleki kwa mchapaji. Baraza ni letu."

Chiriku alilia kidogo, wakamwacha alie.

Kisha Shangazi akamvuta karibu. "Unajua utafiti ni nini? Ni kitendawili. Ila vitendawili vya mama yako mtegaji anajua jibu. Changu hata mimi mtegaji silijui. Sasa ukiwanong'oneza watu jibu kwa maji yako, unafanya tusilijue sote, na tutaamua mambo yetu kwa uongo. Mama yako alishamkataa mwenye duka, akakaribia kuharibu sabuni nzima. Ukiuliza jambo, kubali jibu lake, hata kama si lile ulilolitaka. Huo ndio ukweli, dukani, chuoni na nyumbani."

Chiriku alifuta machozi kwa mkono wa blauzi. Alichukua kipande cha sabuni, karatasi ya kaki na uzi mwekundu.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Pacha wawili, mmoja amevaa suti, mmoja amevaa gunia. Ukiwavua nguo, hata mama yao hawezi kuwatofautisha."

Kibonge alikodoa macho, akatazama juu, akatazama chini, akauma kidole. Chiriku alifunga fundo lake, akauma midomo, wala hakunong'ona. Walisubiri wote, kimya, mpaka Kibonge akaona zile sabuni mbili zilizokuwa wazi juu ya meza, uso wake ukafunguka, na akajibu mwenyewe.