Nafasi Karibu na Ukuta

Wifi yangu alipofungua kituo cha kulelea watoto wadogo, aliniomba nikamsaidie. Nilikwenda na binti yangu, tunayemwita Chiriku kwa sababu huanza kuongea kabla hajafumbua macho vizuri. Mimi si msemaji. Wifi hunitania, "Sauti yako, wifi, ukiimimina kwenye kikombe, hakijai."

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na chumba kikubwa na ua kwa nyuma. Wifi ana utaratibu wake. Kabla ya kupanga chochote, tunapiga magoti na kutambaa chumba kizima ili tuone kama mtoto anavyoona. Ukisimama, unaona chumba safi. Ukitambaa, unaona msumari chini ya meza na waya nyuma ya kabati.

Basi rafu tukazipunguza urefu, kila mtoto afikie mwenyewe. Matofali ya mbao tukayaweka mbali na mlango, anayepita asibomoe mnara wa mwenzake. Chini ya dirisha la kawaida fundi akatoboa jingine dogo, usawa wa macho ya watoto, ili nao waone uani. Uani tukatundika tairi la bembea, na mabeseni ya maji tukayaweka karibu na bomba. Mchanga tukaumwaga kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma. Uani hakuna kivuli kingine.

Ua hatukuutambaa. Ulikuwa na kokoto, na wifi alisema magoti hayauzwi dukani.

Watoto waliupenda mchanga. Walikaa mduara, lakini upande wa ukutani waliacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyewafundisha. Mtoto mgeni akitaka kukaa pale, wenzake walimvuta mkono wakamsogeza. Mbele ya ile nafasi waliweka ndoo ndogo. Kila asubuhi tuliikuta imejaa mchanga, umeshindiliwa vizuri.

"Mbona pale hamkai?" nilimuuliza Chiriku.

Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, alinong'ona.

"Pana mtu, mama."

Wifi alicheka. "Mwanao huyo! Angekuwa na mdomo kama wako tungepumzika."

Hakucheka tena siku mama mwenye nyumba alipopita kutuona. Alisifu rafu, akasifu bembea. Alipofika kwenye mchanga akasimama.

"Nani kawaambia muweke michezo hapa?"

"Ndipo penye kivuli, mama," wifi akajibu.

"Pana mwenyewe."

"Basi tutauhamisha."

"Mmeshachelewa. Ameshazoea kuchezewa. Mkiuhamisha, atawafuata ndani." Akashusha sauti. "Waliopanga kabla yenu walimwachia, akatulia."

"Walimwachia nini?"

Mama mwenye nyumba akageuza kichwa. Alikuwa anamtazama Chiriku.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, watoto walinawa mikono wakalala kwenye magodoro yao. Wifi alikuwa jikoni anaosha vikombe. Mimi niliokota matofali. Nikaona godoro la Chiriku liko tupu.

Nikatazama kwenye dirisha la juu. Chiriku alikuwa kwenye mchanga, peke yake, anacheka. Nikashusha pumzi. Tofali likaniponyoka, nikapiga magoti kuliokota. Uso wangu ukawa usawa wa lile dirisha dogo.

Chiriku hakuwa peke yake.

Kwenye ile nafasi alikaa mtoto. Kichwa amekiinamisha. Mkono wake ulikuwa umezama mchangani hadi begani, na umemshika mwanangu kutoka chini.

Nikasimama. Hayupo. Nikainama. Yupo.

Nilitoka mbio. Mchanga wetu ni mchache, haufuniki hata kifundo cha mguu wangu. Lakini Chiriku alikuwa amezama hadi kiunoni. Nikamkumbatia. Nikavuta. Kilichokuwa chini nacho kikavuta.

"Mama, anasema nibaki."

"Huyu ana mama!"

Sikujua kama sauti ile ilikuwa yangu. Iligonga ukuta ikarudi. Ndani, watoto wote waliamka. Chiriku akachomoka, akaniangukia kifuani, miguu yake baridi kama imetolewa kisimani.

Wifi alikuwa mlangoni, kikombe mkononi.

"Toka hapo, wifi," akanong'ona. "Tufunge kituo. Tuondoke leo hii."

"Siondoki."

"Wifi!"

"Chukua mtoto. Mimi siondoki."

Nikakaa. Palepale, kwenye ile nafasi, mgongo wangu ukutani. Nikaichukua ile ndoo, nikaimwaga.

"Mchanga huu tumeubeba kwa vichwa vyetu," nikasema, na sikunong'ona. "Kivuli hiki ni cha hawa watoto. Humchukui hata mmoja. Ukitaka mtu wa kukaa naye, nimekuja."

Baridi ilinipanda mgongoni. Kitu kikaniegemea. Kikasukuma. Kikasukuma tena. Nilikaza miguu yangu mchangani, nikakaa.

Watoto walitoka mmoja mmoja. Walinitazama, wakatazamana. Chiriku alimponyoka shangazi yake, akajipenyeza katikati yao.

"Hapo anakaa mama," akawatangazia. Wakaanza kucheza.

Nilikaa mpaka mzazi wa mwisho alipomchukua mwanawe. Wifi alinipa mkono niinuke. Alipoona mgongo wangu, akaniachia mkono.

"Livue gauni ulione," akasema.

Nyuma ya gauni, kiunoni, palikuwa na alama za viganja viwili vidogo vya mchanga mbichi, vidole vimetanuka. Mchanga wetu ulikuwa mkavu siku nzima. Na nyuma yangu palikuwa na ukuta tu.

Nimelifua kwa sabuni, nimelifua kwa maji ya moto. Alama hazitoki. Mama mwenye nyumba anasema nilichome.

Sitalichoma. Nalifua jioni, nalivaa asubuhi. Kituo kiko wazi, watoto wameongezeka, na kwenye mduara hakuna tena nafasi tupu. Wifi hunikagua mgongo kila ninapoinuka, na siku hizi hanitanii.

Vile viganja vilianzia kiunoni. Sasa vimefika mabegani.

Na mimi bado nimekaa.