Nusu Yangu ya Paswedi

"Mwizi! Huyu dada yangu wa damu ni MWIZI!"

Jamani, hayo maneno aliyatoa kaka yangu. Mbele ya wateja wangu. Huku amenishika mkono kana kwamba nataka kukimbia!



Skrini zote za banda letu la gemu zilikuwa zimesimama. Kila gemu lina alama ya kufuli. Kinyozi wa jirani, ambaye hucheza kila akikosa kichwa cha kunyoa, bado alikuwa ameshika padi ya kuchezea mkononi.

"Padi, si nilikuwa naongoza!" akalalamika.

Padi ndilo jina langu la mtaani, maana siku nzima ni mimi na padi.

Kaka hakumsikiliza.

"Umebadilisha paswedi! Umenizunguka mimi, ndugu yako!"

Ngoja niwaeleze kabla hamjaanza kunihukumu.

Gemu la diski ukilichoka unaliuza, mkono kwa mkono. Gemu la kudownload huliuzi. Limeshikana na akaunti iliyolinunua. Mimi na Kaka tulikuwa na akaunti moja, tumeijaza magemu kwa miaka, na tukaikodisha. Mteja analeta mashine yake ya gemu, tunaifungua kwa akaunti yetu, anakwenda kucheza kwao.

Kwa hiyo mtu akiiiba hiyo akaunti, hajaiba gemu moja. Ameondoka na banda zima, kuta tu zinabaki.

Mama alilijua hilo mapema. Mama ni fundi cherehani, mlango wa pili kutoka kwetu, na hajawahi kucheza gemu hata moja. Ila siku tunafungua alituita.

"Nimeona ndugu wakigombana kwa shamba, kwa nyumba, mpaka kwa kabati la vyombo. Nyinyi kila mtu atashika nusu ya hilo neno lenu la siri. Mmoja akiandika, mwenzake ageuke ukutani."

Tukacheka. Lakini tukatii.

Ikawa ndiyo desturi ya banda. Akija mteja mpya, Kaka anaandika nusu yake kwenye kompyuta ya mezani, mimi nimegeuka. Halafu naandika yangu, yeye amegeuka. Wateja walikuwa wanatutania: "Hawa wanafungua gemu au wanafungua benki?"

Sasa leo ndugu yangu ananiita mwizi!

"Mimi nimebadilisha saa ngapi?" nikamuuliza. "Nusu yako naijulia wapi?"

"Utajijua mwenyewe! Mchawi haulizwi alipitia wapi!"

Simu yangu ikaanza kulia. Mteja wa kwanza. Wa pili. Mteja wetu mmoja, fundi friji, akapiga huku anafoka kabisa: "Nyie watoto! Leo ndiyo siku yangu ya kupumzika, nawasha mashine, nakuta kufuli! Mmenitapeli?"

Nikawa nakaa, nasimama, nachomoa waya, nauchomeka. Sijui hata nilikuwa natafuta nini.

Na kwenye kona, pale kwenye benchi, alikuwepo mwanaume mmoja mwenye miwani. Simfahamu. Hachezi, haulizi bei, anaangalia saa tu. Mimi nikadhani mteja anasubiri zamu.

Mama akaingia. Sindano bado ameibana kwenye kola.

"Kelele za nini?"

"Mama, binti yako amebadilisha paswedi," Kaka akasema. "Anataka kuuza akaunti peke yake."

"Mama, uongo!"

Mama akaniangalia. Akaniangalia sana, wadau. Hapo ndipo nilipoumia. Kuitwa mwizi na kaka kuliniuma, lakini kuona Mama anawaza kama ni kweli... hapana. Hapana kabisa.

"Padi," akasema taratibu, "kama ni wewe, rudisha. Hatutalizungumza tena."

"Mama, si mimi!"

"Basi nipe ufunguo wa banda. Nyote wawili mtakaa nyumbani mpaka nijue ukweli."

Yaani hivyo! Hilo banda ndiyo kazi yangu. Niliacha kuuza duka la watu kwa ajili yake. Kila waya mle ndani nimeupitisha mimi.

Nikautoa ufunguo shingoni. Machozi yakanizidi. Sikutaka Kinyozi anione nalia, maana angenitania mpaka mwaka uishe. Nikageukia ukutani, pale pale anapogeukia Kaka siku zote.

Ukutani pana tivi kubwa iliyoungua. Haiwaki. Mara ngapi nilisema tuitoe, Kaka akakataa. "Iache, inapendezesha."

Nikajifuta macho. Nikajiona kwenye kile kioo cheusi. Nikamwona Mama nyuma yangu. Nikaiona na meza...

Nikaiona kompyuta. Kibodi yake yote!



Nikageuka polepole.

"Kaka. Umejuaje paswedi imebadilishwa?"

"Nimejaribu asubuhi, imekataa!"

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu!"

"Umejaribu nini?"

"Paswedi, we vipi!"

"Yote?"

"Yote!"

"Na nusu yangu umeipata wapi, Kaka?"



Kinyozi akaweka padi chini. "Ebwana weee!"

Mama akaanza kumsogelea Kaka, na sindano yake kwenye kola.

"Jibu swali la mdogo wako."

"Mama, mimi nili... nilikuwa nahisi tu..."

"Hajahisi, Mama. Njoo usimame hapa uone." Nikamvuta Mama mpaka mbele ya tivi, nikakimbia kukaa kwenye kompyuta, nikachezesha vidole. "Unaniona?"

"Nakuona. Ila mkono wako wa kulia umekuwa kushoto."

Hahaha! Jamani, niliangua kicheko na machozi yangu hayo hayo!

Maana kioo kinageuza. Miezi yote hiyo Kaka alikuwa anachungulia vidole vyangu kwenye tivi mbovu, na kila herufi ya kulia anaiona kushoto. Akakariri takataka! Asubuhi akaiandika, ikakataa. Akarudia, ikakataa. Akarudia tena na tena, na baadaye akaunti ikajifunga yenyewe kwa siku nzima, Kinyozi akiwa katikati ya gemu. Na kwa kuwa yeye alikuwa anataka kuniibia, akaamini lazima mimi nimemtangulia.

Yule wa miwani akasimama.

"Samahanini. Mimi ndiye mnunuzi. Huyu kaka aliniambia akaunti ni yake peke yake, na leo ingehamia kwangu. Sitaki kesi za ndugu." Akatoka, wala hakuaga.

Kaka akakaa kwenye benchi lile lile, kichwa chini.

"Nimechoka kuwa nusu," akasema. "Kila kitu nusu. Nilitaka na mimi niwe na changu."

Nilitaka kumrushia padi. Kweli nilitaka. Lakini ni kaka yangu, aliyenifundisha mimi kushika hiyo padi. Nilimchukia na kumwonea huruma kwa pamoja, na sijui kipi kilizidi.

Ili kufuli litoke kesho yake, tulihitaji nusu zote mbili. Mama akamwambia aitaje yake kwa sauti, watu wote wasikie.

Akakataa. Mama akakunja mikono, akasubiri.

"Mimi... ndiye... mkubwa," akasema kwa sauti ya chini.

"Sijauliza mkubwa nani. Taja neno!"

"Ndilo hilo, Mama."

Kinyozi alilala chini kwa kicheko. Mpaka leo akimnyoa Kaka anamuuliza, "Mkubwa, tupunguze pembeni?"

Kesho yake tukaandika, ikakubali mara moja. Makufuli yakatoka mitaa yote. Fundi friji akapiga kuomba radhi, eti hasira za joto.

Mama akanirudishia ufunguo. "Nilikukosea," akasema. Hayo tu. Kwa Mama, hiyo ni hotuba.

Akaniambia sasa paswedi nzima ni yangu. Nilifikiri, nikakataa. Nikamwambia, "Nusu ya Kaka shika wewe. Weka neno lako."

Mnaona nimekosa akili? Labda. Ila aliyeachiwa kila kitu peke yake leo ndiye atakayeitwa mwizi kesho, na hana wa kumtetea. Mtu asiye na la kuficha haoni taabu kugeuka ukutani.

Kaka siku hizi anasafisha padi na kupokea wateja. Kwenye paswedi hagusi.

Akija mteja mpya, namwita Mama. Anaacha cherehani, anakuja na kidole chake kimoja, anatafuta herufi moja mpaka mteja anapiga miayo. Lakini kabla hajaanza, hutoa kitambaa begani na kuifunika ile tivi.

Halafu ananiangalia mimi, bintiye aliyeonekana hana hatia.

"Na wewe geuka."

Nageuka.