Bibi Harusi wa Ukurasa wa Kwanza

Begani pa bibi harusi palikuwa na vidole vinne, na Huzefa alikuwa na hakika jana havikuwepo.

Alisogeza kiti karibu na kompyuta. Pale kwenye kafe ya intaneti ya Noa, mjini Tanga, picha zilifunguka kwa kudra ya Mungu. Laini ya simu ilikuwa dhaifu, basi ukurasa ulishuka polepole kutoka juu, kama pazia linaloteremshwa na mtu mvivu. Kwanza jina, Studio Nuru. Kisha nywele zilizosukiwa asumini, paji la uso, macho yenye wanja, kidani cha dhahabu. Halafu bega, na juu ya bega vidole. Virefu, safi, vya mwanamume, na kimoja kimevaa pete ya fedha.

"Noa, umeichezea picha hii?"

"Niichezee ya nini, mzee wangu? Nimeiweka vilevile ulivyoniletea." Noa aliinama kutazama. "Si mtu tu huyo alikuwa nyuma yake?"

Nyuma ya bibi harusi yule hakukuwa na mtu. Picha aliichapa mwenyewe kwenye chumba chake cha giza, akaikagua kwa lenzi ya mkononi nywele kwa nywele. Na siku ile ilipopigwa, chumbani hamkuruhusiwa mwanamume hata wa kunyonya.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na Huzefa alilijua tangu mwanzo, asijifanye.

Studio Nuru ilikuwa inakufa. Baba yake aliifungua Ngamiani zamani, watu wakivaa suti za kuazima ili wapigwe picha. Sasa milango ya biashara imefunguliwa, kila kijana ana kamera ya Dubai shingoni, na mashine za picha za saa moja zimejaa mjini. Waliokuja kwa Huzefa ni wazee wa pasipoti tu, nao hawatabasamu. Noa ndiye aliyemtia maneno ya websaiti.

"Lakini usinijazie utitiri wa picha," Noa alimwonya. "Mgeni akiingia dukani kwako humwagii kabati zima. Mwonyeshe moja, imkamate. Kisha mwambie wewe nani, uko wapi, simu yako ipi. Basi. Ukiweka mbwembwe, na laini zetu hizi, mgeni atazeeka anangoja."

Picha moja. Huzefa alipekua kazi yake ya miaka yote, watoto wa madrasa, timu za mpira, mabwana harusi waliokakamaa kama miti ya nguzo. Zote nzuri, hakuna iliyokamata. Ndipo alipopanda juu, akafungua bati la biskuti la mama yake.

Batulbai alikuwa mpiga picha za ndani. Katika miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni, karatasi ya picha ikipenyezwa mpakani Horohoro ndani ya marobota ya mitumba, yeye ndiye aliyeitwa na majumba ya Wamanga, Waarabu wa Oman, na ya Mabohora, Wahindi wenzake, siku ya kumpamba bibi harusi. Mlango hufungwa, mabuibui huvuliwa, naye hupiga. Kwa kuwa karatasi ilikuwa haba, negativu, filamu zenyewe za picha, zilibaki kwake amana mpaka karatasi ipatikane. Mume wake hakuziona. Mwanawe hakuziona. Siku hizi Batulbai ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hukaa dirishani na tasbihi, na bati likifunguliwa haoni ni nani. Huzefa aliondoa negativu moja bila hata kumwambia mama shikamoo.

Bibi harusi yule aliitwa Turkiya. Alikuwa ameshahamia Maskati miaka mingi. Nani atajua? Kujidanganya hakuna ada wala mwalimu.

Nayo picha ilikamata! Simu zikaanza kulia. Watu wa Mombasa, watu wa Pangani, mpaka Bohora mmoja wa Bukini, kisiwani Madagaska, alipiga. "Ni wewe uliyempiga yule bibi harusi?" Huzefa hujibu, "Ndiye mimi," bila haya. Na heri ilikuja wakati wake, maana binti yake wa pekee, Ummekulsum, ameposwa na Irfan wa Mombasa. Mama wa msichana, Kaneez, alifariki binti akiwa mdogo, akamwachia Huzefa sura yake ileile usoni mwa mtoto, macho makubwa na vishimo vya mashavuni. Kila asubuhi Ummekulsum akishuka ngazi na birika la chai, Huzefa huona kama hajafiwa. Hakuna kitu duniani alichokipenda kuliko uso ule.

Siku ya pili baada ya vile vidole, Marhun aliingia studio. Ni kaka yake Turkiya, mfanyabiashara wa Mabawa, mtu wa staha. Hakukaa.

"Huzefa, Yazid, mtoto wa ami yetu, kamwona dada yangu kwenye kompyuta, Maskati. Kichwa wazi. Itoe leo."

"Nitaitoa, Bwana Marhun. Nistahimilie tu mpaka harusi ya binti yangu ipite."

"Unamwanika dada yangu upate kumwoza binti yako?"

Marhun akasogea, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi. "Sikiliza. Mimi kaka, nitakusamehe. Mumewe naye atakusamehe, ni mtu mpole. Lakini Turkiya ana mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Tangu utoto wake. Jini alikuwa kamshika, hataki aolewe. Wazee walikaa naye, wakafukiza, wakazungumza, akakubali kwa sharti moja. Siku ile aliyopambwa, asionwe na jicho la mwanamume ila mume. Tuliahidi. Mama yako naye aliahidi, aliapa mbele yake. Itoe, Huzefa."

Huzefa alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akacheka peke yake. Akasema Wamanga nao kwa hadithi! Picha hakuitoa.

Kesho yake alipoifungua, nyuma ya vidole palikuwa na mkono mzima wa kanzu.

Adhuhuri, mji umelala kwa jua, Huzefa alijifungia chumba cha giza kuchapa picha ya Ummekulsum ya kupelekwa kwa wakwe. Taa nyekundu iliwaka. Chumba kile kilikuwa kikinuka siki ya dawa tangu enzi ya baba yake, lakini siku hiyo kilinuka udi. Alidhani unatoka juu kwa mama. Alitia karatasi kwenye trei, akaanza kuitikisa taratibu, na kama kawaida picha ikaanza kuja, vazi la rida la waridi, mikono miwili iliyoshikana, ua la mapambo kifuani, lakini pale penye uso hapakuja kitu. Aliongeza muda. Palibaki peupe. Akachapa nyingine, na nyingine, na kila akitikisa trei udi ulizidi, na nyuma yake, katikati ya chumba ambacho mtu mmoja akisimama wa pili hapati nafasi, akasikia kanzu ikisuguana na ukuta, polepole, ya mtu anayesogea ili naye apate kuona, na pumzi ikamgusa sikio la kushoto, baridi, ya mtu asiye na haraka, na maji ya trei yakatulia yenyewe ilhali mikono yake ilikuwa bado inaitikisa, na juu ya yale maji akaona wekundu wa taa umezibwa na kitu kirefu kilichoinama. Alifungua mlango kwa bega akatoka, karatasi zote zikaungua kwa mwanga.

"Mama," alinong'ona, amepiga magoti mbele ya Batulbai, "nimefungua bati lako."

Batulbai aliacha tasbihi. "Umemtoa nani?"

"Turkiya binti Sadalla."

Bikizee alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Wote waliomo humo, Huzefa, na ukamchagua yeye! Ningekwambia. Mtu si huuliza? Mama yako kipofu, si bubu!"

Aliitwa Shekhe Idarusi kutoka Makorora, aje kabla ya magharibi. Alifunga madirisha, akatia ubani chetezoni, akasoma. Ummekulsum alikaa pembeni ameshikwa na baridi, na Huzefa hakumwondolea macho, akijua kama jini atapanda basi atapanda kwa msichana. Lakini aliyeanza kutikisika ni Batulbai. Mgongo wake uliopinda miaka kumi ukanyooka. Alikaa kama wanavyokaa wanaume barazani, goti moja juu.

"Asalamu alaikum," akasema. Sauti ilikuwa nzito, ya upole, yenye Kiarabu ndani yake.

"Wa alaika," Shekhe alijibu kwa hadhari. "Nani wewe?"

"Mume wa mtu. Nimeazima ulimi wa bibi huyu. Yeye hana kosa, alitunza amana mpaka macho yalipomsaliti. Nataka kusema na huyu mwanawe."

"Sema na mimi. Wataka nini? Mbuzi? Halua? Chano tutakuwekea."

"Shekhe, usinitukane. Mimi sikuja kula. Mke wangu kaonwa. Nirudishieni macho yote yaliyomwona, niende zangu."

"Nitaitoa!" Huzefa alilia. "Nitaitoa sasa hivi, wallahi!"

Batulbai alimgeukia. Yale macho yenye utando mweupe yalimtazama sawasawa usoni, nayo yalikuwa yanaona. "Ulipoletewa kaka yake mpaka mlangoni, ulifanya nini?"

Huzefa alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Ulicheka. Nilikuwa nimesimama hapo. Umemuumbua wangu, Huzefa, ili umpambe wako. Basi nami nitakuumbulia wako. Sitamgusa unywele, msiogope. Wewe ndiye nitakayekugusa."

Kisha Batulbai akaanguka kifudifudi, akawa tena bikizee anayekohoa moshi.

Huzefa alikimbia mpaka kwa Noa bila viatu. Ilikuwa siku ya mgao, umeme hakuna, na Noa alikuwa amewasha jenereta uani. "Futa! Futa yote!" Noa alifuta, haraka, bila kuuliza, kwa alivyomwona mzee wa watu amekauka midomo. Ukurasa wa kwanza ukabaki mweupe.

"Imetoka, mzee. Lakini imetoka hapa kwako tu. Watu walishaichukua."

"Watu gani?"

Noa alitafuta. Muuza nguo za harusi wa Dubai alikuwa nayo. Kalenda ya mtu wa Nairobi ilikuwa nayo. Mahali pengine palikuwa na maandishi wasiyoyajua hata herufi, na Turkiya yuko katikati na asumini zake. Maji yakimwagika hayazoleki. Picha zilishuka moja moja, polepole, nywele, paji la uso, na Huzefa akaziba mdomo kwa kiganja, kwa kuwa chini ya paji la uso, kwenye kila moja, Dubai na Nairobi na kwingineko, palikuwa na ule mkono wenye pete ya fedha, umefunguka wote, umemfunika bibi harusi uso mzima.

"Mbona zote ziko hivi?" Noa alinong'ona.

Huzefa alianza kucheka na kulia pamoja. "Kamfunika! Kamfunika mwenyewe! Yamekwisha, Noa, kapata alichokitaka." Alirudi nyumbani mbio, moyo mwepesi, akishukuru kila hatua. Kiu yake ilikuwa moja tu, kumwona mwanawe. Alimkuta Ummekulsum jikoni, amempa mgongo, anachekecha unga.

"Mwanangu!"

"Labeka, Baba." Akageuka.

Kati ya ukingo wa mtandio na kidevu palikuwa peupe, pamelainika, kama karatasi isiyopigwa mwanga. Weupe ule ulimsogelea ukamuuliza kwa sauti ya Ummekulsum mbona analia.

Wengine wote walimwona vizuri. Siku ya harusi wanawake walipiga vigelegele wakasema hawajaona bibi harusi aliyeumbika hivi, na picha alizopiga Huzefa mwenyewe, kwa kuelekeza kamera panapotoka sauti, zilipita mkono kwa mkono, watu wakisema mashallah. Yeye aliona rida, dhahabu, hina, na doa jeupe. Alikwenda kwenye picha za zamani, za Ummekulsum akitambaa, akienda madrasa, amepakatwa na Kaneez. Peupe. Akafumba macho ajaribu kukumbuka. Huko nako palikuwa peupe, na Kaneez naye kaondoka pamoja na binti, kwa kuwa sura ilikuwa moja. Shekhe Idarusi alisoma mpaka sauti ikamkauka, akakusanya vitabu vyake. "Hayumo tena humu, ndugu yangu," alisema. "Keshachukua haki yake na kwenda. Nitamfukuza nani?"

Huzefa alijifunza kuishi na sauti. Ummekulsum alipoondoka kwenda Mombasa alimwambia, "Niangalie basi, Baba," naye akamwambia, "Nakuangalia, mwanangu," akitazama kandambili zake.

Mwaka haujaisha, Ummekulsum alirudi Tanga kumtembelea baba, mikononi ana mtoto wa kike aliyefungwa kwenye kanga mpya. Huzefa aliinuka kitini. Tangu asikie habari ya mtoto alikuwa na tumaini moja asilothubutu kulitaja, kwamba kile alichonyang'anywa kwa binti atarudishiwa kwa mjukuu, kwani jini hakutaja mjukuu. Alinyoosha mikono, akampokea. Alikuwa wa moto, mzito, ananuka maziwa.

"Mfunue umwone, Baba," Ummekulsum alisema, na kwa sauti tu Huzefa alijua anatabasamu. "Mombasa nzima hawana lingine. Wanasema ni mimi mtupu."

Huzefa alisema bismillahi, akainua pindo la kanga.

Palikuwa peupe. Walikuwa wamesema kweli.