Vinyama Kumi na Viwili

Maduhu wa Samuye alikuwa akilima dengu kwa maksai. Kila baada ya matuta mawili aliwasimamisha, akaenda kichakani. Alikaa huko muda mrefu. Mkojo ulitoka matone tu.

"Baba Eustace, nenda hospitali," alisema mkewe, Mbuke. "Hali hii ilianza mwaka jana."

Akaenda mjini Shinyanga. Wakampima damu. Daktari alikuwa na foleni ndefu, akaongea haraka.

"Kipimo kiko juu, mzee. Njoo Alhamisi ijayo tuchukue kinyama kwenye tezi dume."

"Sawa, daktari," alisema Maduhu.

Lakini hakuelewa. Njia nzima maneno yalimzunguka kichwani. Kipimo kiko juu. Mtoto akiwa na alama za juu shuleni, amefaulu. Sasa yeye amefaulu nini? Na kinyama gani?

"Wanakata?" aliuliza Mbuke.

"Sijui."

"Ni kansa?"

"Hawakusema. Au walisema, sikusikia."

Jirani yao Mabula alikuwa na jibu. "Tezi dume? Ndugu yangu, watakuhasi kama tunavyohasi ng'ombe!"

Maduhu aliacha kula. Siku ya tatu alisema Alhamisi atakwenda Didia kutazama mtamba. Mbuke akajua anakimbia. Akamfuata Melania, nesi wa zahanati.

Melania alikuja jioni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukaa na wewe. Nani kasema unahasiwa?"

"Mabula."

"Tezi dume siyo korodani," alisema Melania. "Iko ndani, chini ya kibofu cha mkojo. Korodani hazitaguswa."

"Na hiyo nyama?"

"Ni vipande vyembamba kama uzi. Kwa kawaida vinachukuliwa kama kumi na viwili, kwa sindano."

"Kumi na viwili!"

"Utalala ubavu, magoti umeyakunja. Daktari ataingiza kifaa kwenye njia ya haja kubwa. Kinaonyesha tezi kwenye skrini. Atakuchoma ganzi, kisha utasikia mlio, ta! Kila mlio, kipande kimoja. Haizidi nusu saa."

Maduhu alisimama. "Njia ya haja kubwa? Mimi, mwenye wajukuu?"

"Ndiyo, baba. Ni aibu kidogo. Inapita."

Akakaa tena. "Kwa hiyo nina kansa?"

"Bado hatujui. Kipimo cha damu kinaweza kupanda kwa sababu tezi imekua kwa umri, au ina maambukizi. Vinyama vikipimwa ndipo tutajua. Unatumia dawa yoyote?"

Mbuke alileta vidonge vya aspirini, dawa ya moyo ya mumewe.

"Hizi zinaweza kuongeza kutokwa na damu," alisema Melania. "Daktari ajue mapema. Usiziache kwa kujiamulia mwenyewe."

Walimpigia daktari. Akawaeleza la kufanya kuhusu vidonge, akasogeza siku mbele. Siku ilipofika, alimpa Maduhu dawa ya kuzuia maambukizi. Maduhu alihesabu milio. Ilimbana na kumchoma kidogo, lakini kwenye wa tisa alipoteza hesabu, na mara ikawa imekwisha.

Kesho yake mkojo ulikuwa mwekundu kidogo. Alishtuka, lakini nesi wa hospitali alikuwa amewaambia: damu kidogo kwenye mkojo au choo ni kawaida kwa siku chache. Kwenye shahawa inaweza kukaa wiki kadhaa.

Siku ya tatu alianza kutetemeka. Mwili ulikuwa moto.

"Malaria hiyo," alisema Mabula. "Mpe dawa, alale."

Mbuke alisita. Malaria aliijua, nayo hutetemesha hivyo hivyo. Halafu akakumbuka onyo la hospitali: homa, kushindwa kukojoa, au damu nyingi yenye mabonge, rudi hapo hapo. Akaita bajaji.

Hospitali walimkuta na maambukizi. Alilazwa siku nne, dawa zikipitia kwenye mshipa.

"Mama umefanya vizuri," alisema daktari. "Maambukizi haya hayasubiri kesho."

Baada ya wiki tatu majibu yalitoka. Ilikuwa kansa, lakini ndogo, bado iko ndani ya tezi. Maduhu alitibiwa kwa mionzi Mwanza. Mwaka uliofuata kipimo chake cha damu kilikuwa kimeshuka sana, na daktari alitabasamu.

Daktari alimwambia jambo jingine: ugonjwa huu huweza kufuata ukoo, hivyo watoto wa kiume wapimwe mapema. Maduhu akampigia mwanawe, Eustace, mchimbaji wa dhahabu Geita, mwenye miaka arobaini na sita.

"Baba, niko kwenye shimo, mashine zinapiga kelele!"

"Toka. Nasubiri."

Eustace alipotoka, baba yake alimweleza yote: damu, sindano, mpaka ile njia ya haja kubwa. Hakuwahi kuzungumza naye hivyo.

"Upo?"

"Nipo, baba," alisema Eustace polepole. "Sijaelewa vizuri. Anza tena."

Maduhu akaanza tena, mwanzo kabisa.