Zamu ya Kukaa na Kogo

Chepkurui alikuwa anaamka kabla ya ng'ombe. Anakamua, anapika uji, halafu anaingia kwa mama mkwe wake. Mama huyo alipooza upande mmoja wa mwili. Jina lake ni Chepkemboi, lakini nyumba yote ilimwita Kogo, yaani nyanya.

Chepkurui anamgeuza, anamwosha, anamkalisha, anamlisha. Anampa dawa ya presha. Ndipo anakimbia shambani kuchuma chai. Hata kikapu hakijajaa, anarudi mbio kumwangalia. Mara nyingi alifika na majani yake kwenye kituo cha kupimia chai, lori la kiwanda likiwa limeshaondoka.

Wamama wa huko wanachuma kwa zamu. Leo wote wako kwa huyu, kesho wote wako kwa yule. Chepkurui alikuwa ameacha zamu. Jirani yake Bosibori akamwita kwa jina la mtoto wake kutoka upande wa pili wa ua.

"Mama Fancy! Ulituhama?"

"Nitamwachia nani Kogo?"

"Niachie mimi. Mimi nakaa naye."

"Hapana. Watu watasema nimemtupa mama wa watu."

Wamama, angalieni hapo. Hapo ndipo shida iliingia.

Mume wake, Kipkirui, alifanya kazi kiwandani. Jioni anakuja, anaketi, anauliza, "Mama amekula?" Akiambiwa amekula, basi, anakunywa chai yake.

Asubuhi moja Chepkurui alisimama mbele ya Kogo na dawa mkononi. Kichwa kilikuwa kizito kama mawe. Nimempa, ama sijampa? Hakukumbuka. Akampa. Kumbe alikuwa amempa tayari.

Jua lilipopanda, Kogo alikuwa anatoka jasho baridi. Akiitwa, haitiki. Chepkurui akapiga nduru. Bosibori akaja na mkokoteni wa punda, wakamkimbiza dispensari.

Nesi wa hapo alikuwa Nyamoita. Chepkurui akamweleza kuhusu dawa. Akampima Kogo, akamwekea maji ya mshipa, akakaa naye. Jioni Kogo akafungua macho, akaomba uji. Kipkirui alikuwa amefika, amesimama mlangoni.

"Atapona," Nyamoita akasema. "Lakini mmeniletea wagonjwa wawili. Chepkurui, ulilala usingizi mzuri lini?"

Chepkurui akaanza kulia. "Mimi si mvivu, sista."

"Nani amesema wewe ni mvivu? Hata jembe linapumzishwa. Anayemtunza mgonjwa akichoka sana, anakosea dawa. Anaangusha mgonjwa. Anaanza kumfokea. Kupumzika si kumtupa mgonjwa. Ni sehemu ya kumtunza." Akamgeukia Kipkirui. "Na wewe, siku yako ya kupumzika unafanya nini?"

"Sista, mwanaume kulisha mama yake uji, si watu watacheka?"

"Wewe ukiwa mdogo, nani alikulisha?"

Kipkirui akaingia, akaketi kando ya kitanda cha mama yake.

"Na dada yako wa Sigowet," Nyamoita akaendelea, "Kogo si mama yake pia? Mwambieni. Na wale wamama wa zamu?"

Bosibori akaruka. "Mimi nilisema! Mwenye kukaa na Kogo, tumhesabie kama amechuma chai. Kukaa nyumbani na kunywa maziwa ya mursik ya Kogo, hiyo nayo ni kazi? Nianze mimi!"

"Si mchezo," Nyamoita akasema. "Anayemwangalia afundishwe kwanza. Asimlishe akiwa amelala, atapaliwa. Amgeuze mara kwa mara, asipate vidonda. Na dawa ya kesho iwekwe usiku kwenye kikombe kidogo. Kikombe kikiwa tupu, amepewa. Msimwongezee."

Wamama wakaja, Chepkurui akawaonyesha kila kitu. Siku ya kwanza ya Bosibori, Chepkurui alichuma na wenzake mpaka kikapu kikajaa. Lori likamkuta kituoni! Siku ya Kipkirui, majirani walicheka kweli. Yeye akaendelea kulisha. Mwishowe wakachoka kucheka.

Halafu dada ya Kipkirui akaja kutoka Sigowet kukaa na mama yake. Chepkurui akasafiri kwenda Chebunyo, kwa mama yake mzazi. Hawakuwa wameonana tangu Kogo augue. Akala, akalala mpaka jua likawa juu, na hakuna mtu alimwamsha.

Lakini njiani akirudi, alijiuliza. Je, Kogo amekasirika? Ataniambia nilimtupa?

Alimkuta Kogo amekaa nje kwenye jua, amefungwa kitambaa kipya kichwani. Bosibori alikuwa hapo pia, amekuja kusalimia tu. Walikuwa wanacheka mpaka machozi.

"Kogo, nisamehe, nimekaa sana," Chepkurui akasema.

"Umekaa sana? Umekaa kidogo!" Kogo akajibu. Maneno yake yalikuwa bado mazito, lakini yalisikika vizuri. "Wewe mtoto, ulikuwa unaniangalia na uso wa matanga kila siku. Hata mimi nilikuwa nimechoka na wewe. Sasa angalia vile umenona! Unaenda tena lini?"

Chepkurui akacheka mpaka akaketi chini, mzigo ukiwa bado mgongoni.